Mitungi Kumi na Mmoja Kwenye Geti la Kliniki

"Mimi nimezaliwa kwa hii laini!" Mzee Bwire alikuwa anapiga kelele, fimbo juu, kofia imeteleza mpaka kwa sikio. "Nimebatizwa kwa hii laini! Nimeoa kwa hii laini! Sasa mnataka nizikwe hapa hapa, mnipige simiti juu, watu wanikanyage wakienda kutafuta dawa ya kikohozi!"

"Mzee, kadi zimeisha," Odero, soja wa geti, akamjibu kwa mara ya tisa. "Kadi ni arobaini. Zote arobaini zimeingia ndani. Hata ukiniuma, sitatapika ya arobaini na moja."

"Nikuume na meno gani? Meno yameanguka nikikungoja!"

"Na huyo bibi ulimwoa kwa laini, Mzee," sauti ya mama ikatoka nyuma, "alikuwa namba ngapi?"

Watu wakacheka, wengine wakishika mbavu kwa sababu ya kicheko, wengine kwa sababu mbavu ndizo zilizowaleta kliniki. Mzee Bwire akageuka na hasira yake yote, akakuta ni Mama Griffins, hasira ikamwishia mdomoni. Mama Griffins ndiye alikuwa analinda bomba la maji kule mtaa wa Mbotela, na mtu mwenye akili zake hagombani na bomba.

Lakini siku hiyo hakuwa amekuja kuchekesha watu. Alikuwa amemshika mkono Nyanya Batulo, jirani yake wa ukuta mmoja, mama wa miaka sabini na kitu, mwenye ugonjwa wa sukari, na mwenye kidonda kwenye mguu wa kushoto. Kidonda kilikuwa kimeanza kama lengelenge la kiatu, kitu cha kucheka tu. Sasa kilikuwa kimefungwa na kipande cha leso mpaka kwenye kifundo, na ukisimama upande wa upepo ulijua kwamba hakuna cha kucheka tena.

Hii ilikuwa mara ya tano kuja na kurudi.

Mambo yalikuwa hivi. Geti lilifunguliwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Odero alitoka na kadi arobaini za boksi, kila moja na namba yake, akazigawa kwa mwenye mkono mrefu. Vijana walikuwa wanafika mapema, miguu yao ni mizima, mikono yao ni mirefu. Nyanya Batulo kutoka Mbotela mpaka hapo, ng'ambo ya barabara kubwa, alikuwa anatumia dakika hamsini na vituo vitatu: kwa fundi wa viatu, kwa muuza mkaa, na kwa ukuta wa shule, mahali alikuwa anashikilia akivuta pumzi huku watoto wakimpita kama yeye ni sehemu ya ukuta. Akifika, kadi zimeisha. Na ukisema umshikie nafasi, Odero alikuwa na sheria yake: "Mgonjwa mwenyewe! Ugonjwa hautumwi mtu."

"Twende nyumbani, binti yangu," Nyanya Batulo akasema. "Mungu anaona."

"Mungu anaona, lakini hapa geti ni Odero," Mama Griffins akajibu.

Walirudi pole pole. Pale kwa fundi wa viatu Nyanya akakaa kwenye stuli, Mama Griffins akainama akafungua ile leso. Kidole kidogo kilikuwa na rangi ya viazi vilivyosahaulika chini ya kitanda, na kidole cha jirani kilikuwa kimeanza kukifuata. Wote wawili walimjua mama wa nyumba ya kona ambaye alianza na kidole hivyo hivyo, akamaliza na mguu mzima mpaka gotini, na sasa anatembea na vyuma.

"Kiko vipi?" Nyanya akauliza, akiangalia upande mwingine.

"Kiko na nafasi bado," Mama Griffins akasema. Akafunga leso, akakaza fundo. "Lakini si nafasi ya kungoja mara ya sita."

Sasa huyu Mama Griffins, jina lake la nyumbani Muhonja, hakuwa mtu mkubwa mahali popote. Alikuwa amekuja Nairobi kutoka Maragoli akiwa msichana, akaolewa na fundi wa mashine kwenye kiwanda cha mablanketi, akazaa Griffins na wengine wawili, akamzika mzee wake, na tangu hapo akawa anauza sweta za mitumba kwenye soko la Gikomba kuanzia saa nne. Sweta zake alizikunja vizuri hata mpya za dukani zikaonekana zimelala vibaya. Kichwani alifunga kitambaa, amekikaza mbele ya paji la uso, maana tangu mwaka uliopita kichwa kilikuwa kinamgonga. Ukimuuliza, anasema ni jua la Gikomba. Ukimwambia leo hakuna jua, anasema basi ni la jana.

Bomba hakuna mtu alimpatia. Mwaka mmoja wa shida ya maji, kina mama wawili walipigana na mitungi mpaka mmoja akapasuka, mtungi si mama, na Muhonja akaenda akakalia bomba. Alikalia kabisa, na makalio. Akasema hakuna mtu atachota mpaka kuwe na sheria. Walimtukana kwa lugha nne. Jua lilipofika juu ya kichwa, wakakubali sheria.

Sheria zilikuwa mbili tu. Ya kwanza, mtungi ndio mtu. Ukiweka mtungi wako kwenye laini, umesimama wewe mwenyewe, hata kama umelala, hata kama umeenda kanisani au msikitini, hakuna mtu atausogeza. Kila mtungi ulijulikana: huu una kamba nyekundu, ule kizibo chake ni gunzi la mahindi, huu mwingine umechomwa alama na msumari wa moto. Ya pili, maji yakikatika, kusiwe na matanga. Mama Griffins anapindua mtungi wake, mdomo chini, matako juu. Ukiona hivyo usiulize, usilie, chukua wako uende.

Sheria hizo zilishika. Kuna viongozi wengi walipita mtaa ule na sheria zao hazikufika hata jioni.

Kesho yake akarudi kliniki bila mgonjwa, saa za mchana kidogo, akaomba kumwona Sista Ndeti, msimamizi wa pale, mama mrefu wa Ukambani mwenye saa imening'inia kifuani kama medali.

"Sista, wazee hawapati kadi."

"Kadi ni mambo ya geti," Sista akasema, akiandika. "Mimi natibu, sipangi laini."

Mama Griffins akatoka mpaka kwa geti.

"Odero, Sista amesema laini ni yako."

"Yangu? Laini ni ya Sista! Mimi nalinda chuma," Odero akasema, akapiga geti kofi kuonyesha chuma chenyewe.

"Kwa hivyo laini haina mwenyewe."

"Haina."

"Basi nimeichukua."

Odero akacheka. Kisha akaacha kucheka, maana yule mama hakuwa anacheka.

"Sikia, baba," Mama Griffins akasema kwa upole, ule upole wake wa kutisha. "Mtungi wa kizibo cha gunzi, ule wa nyumba namba kumi na nne pale kwetu Mbotela, ni wa nani?"

"Wa mke wangu."

"Mke wako anaufunga kamba na kukaa kando yake kuulinda?"

"Hapana. Anauacha kwa laini yako, anakuja baadaye."

"Kuna siku umerudi kwako ukakosa maji kwa sababu mtu alisogeza mtungi wako?"

Odero akakuna shingo. "Sijawahi."

"Basi alhamisi asubuhi nitaleta mitungi ya wazee hapa kwa geti lako. Kila mtungi ni mgonjwa mmoja. Wewe utahesabu mitungi kama unavyohesabu watu, na wenyewe watafika mbele ya saa mbili, pole pole na miguu yao. Nikikosea, mfukuze mtungi."

Odero alifikiria. Alifikiria sheria yake, halafu akafikiria mke wake na ule mtungi wa gunzi. "Mbele ya saa mbili," akasema mwishowe. "Dakika moja juu, nautoa."

Siku mbili alizunguka. Hakuita mkutano, maana wazee ukiwaitia mkutano wanakuja na kamati. Alienda mlango kwa mlango, Mzee Bwire na presha yake, mama mmoja wa pumu, ndugu wawili wa macho, mpaka wakafika kumi na mmoja, Nyanya Batulo akiwa wa kwanza. Mzee Bwire alikataa kutoa mtungi. Alisema yeye amefanya kazi reli miaka thelathini, hawezi kuwakilishwa na plastiki.

"Basi njoo usimame mwenyewe, Mzee, na hiyo fimbo."

Akatoa mtungi. Lakini aliusugua kwanza, ati usimwaibishe.

Sasa hapa ndipo Mama Griffins alikosea, na ni kosa ambalo yeye kwa watu wote hangefaa kulifanya. Tangu jumapili bomba za Mbotela zilikuwa zimekauka. Zilikohoa jumatatu, zikatoa kutu kidogo jumanne, zikanyamaza. Mtaa mzima ulikuwa unazunguka na mitungi mikavu, macho yametoka, ukitafuta tone. Na yeye kichwa chake chote kilikuwa kwenye mguu wa Batulo.

Alhamisi, mapambazuko, mtu wa mkokoteni akamsukumia mitungi kumi na mmoja mpaka kwa geti la kliniki. Akaipanga. Laini ilinyooka, mtungi wa Batulo mbele, umefungwa uzi wa kijani, wa Mzee Bwire wa nne, unang'aa. Odero akahesabu kwa kidole, akaitikia. Mama Griffins akarudi mbio Mbotela kuamsha wazee na kumfunga Nyanya mguu.

Mama wa kwanza kupita pale alikuwa ametoka kutafuta maji upande wa Gikomba, amekosa. Akaona nini? Mitungi kumi na mmoja imepangwa vizuri mbele ya geti. Hakuuliza. Nani anauliza? Eastlands ukiona mitungi kwenye laini unaweka wako, maswali ni baadaye. Akaweka. Wa pili akaona kumi na miwili, akaweka wa kwake na wa dada yake. Wa tatu akatuma mtoto nyumbani alete yote.

Mama Griffins alipofika na Nyanya Batulo mkononi na wazee wengine wamemfuata kama bata, ilikuwa saa moja na nusu, na laini ilikuwa imepita geti, imepita ukuta, imekunja kona ya muuza mkaa. Mitungi mia moja kasoro kidogo. Ndoo. Sufuria. Mtu mmoja alikuwa ameweka birika. Na habari zilikuwa zimekomaa kuliko mitungi.

"Wamechimba kisima ndani ya kliniki!"

"Wazungu ndio wamechimba, wafadhili."

"Mimi nimeyaonja," jamaa mmoja alikuwa anaapa, mkono kifuani. "Ni matamu, lakini yana chumvi kidogo."

Wagonjwa wenyewe, wale wa kukohoa na wa homa, walikuwa wamesukumwa mpaka ng'ambo ya mtaro. Odero alikuwa amejifungia ndani ya geti na kadi zake hazijagawiwa, unaona macho tu. Na kijana mmoja wa kiwandani, mkono umefungwa kitambaa chenye damu, alikuwa anauliza kila mtu kama pia yeye anahitaji mtungi ndiyo atibiwe.

"Jamani!" Mama Griffins akapaza sauti. "Hapa hakuna maji! Hii ni laini ya wagonjwa!"

Mama mmoja akamtambua. "Si huyo ni Mama Griffins wa bomba?"

"Ndiye!"

"Wa bomba akiwa hapa, maji yapo!"

"Kumbe! Na anasema hakuna ndiyo wazee wake wachote kwanza!"

Ukawa moto. Kila alivyokana ndivyo maji yalivyozidi kuwa mengi. Yaani hata mtu aliyekuwa anapita kwenda kazini akarudi nyumbani kuchukua ndoo. Na katikati ya ile vurugu akatokea Sista Ndeti, amevaa sare yake nyeupe, anaruka mitungi kama mtu anavuka mto kwa mawe.

"Nani ameleta hii soko kwa geti langu?"

Odero akatoa kidole kimoja kupitia kwa chuma, akaelekeza. Mume wa mwenye mtungi wa gunzi alikuwa kwenye shida ya pande mbili.

"Ni mimi, Sista," Mama Griffins akasema. "Ulisema wewe hupangi laini, nikapanga mimi."

"Saa mbili ikifika hivi, nafunga kliniki leo. Nafunga kabisa, hakuna mtu ataingia!"

Nyanya Batulo akasikia hiyo. Hakulia. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Turudi, binti yangu. Mara ya sita imefika," na akaanza kugeuka, ule mguu wa leso ukiburuta vumbi.

Mama Griffins akamwangalia akigeuka. Kichwa kilikuwa kinamgonga kama mlango. Alisimama hivyo kama mtu anatafuta jina la kitu. Halafu akaacha kupiga kelele. Akatembea mpaka mwanzo wa laini, akashika mtungi wa Batulo, ule wa uzi wa kijani, akaupindua. Mdomo chini, matako juu. Akaenda wa pili, akaupindua. Wa tatu. Alipofika wa Mzee Bwire, Mzee akasema "Polepole, nimeusugua," naye akaupindua polepole.

Alipomaliza wa kumi na moja, ile laini ilikuwa imenyamaza mpaka kwa muuza mkaa.

"Yamekatika," mama mmoja akasema.

"Yamekatika," ikapita nyuma, mdomo kwa mdomo.

Hakuna aliyeuliza ni maji gani yamekatika, na yalikuwa yameanza lini. Wakachukua mitungi yao, ndoo zao, birika lao. Yule jamaa aliyeonja akaondoka akisikitika, ati alijua tu yale maji hayangekaa. Dakika kumi, geti likabaki jeupe, na mitungi kumi na mmoja imesimama kichwa chini.

Sista Ndeti akaangalia saa yake ya kifuani. Alikuwa amewahi kuita polisi pale kwa geti mara mbili kwa vurugu ndogo kuliko hiyo, na polisi hawakumaliza kwa dakika kumi.

"Kaeni," Mama Griffins akawaambia wazee.

Wakakaa juu ya mitungi, kila mtu juu ya wake. Mtungi uliopinduliwa si kiti kizuri, wa Mzee Bwire ulikuwa unayumba na yeye anayumba nao, lakini walikaa, kumi na mmoja, laini moja, vitabu vyao vya kliniki vimeshikwa magotini kama watu wanangoja kupigwa picha. Nyanya Batulo akiwa wa kwanza. Mguu wake akaunyoosha mbele, maana hakuwa na namna nyingine ya kuuweka.

Sista akauona. Akainama, akafungua leso, harufu ikampanda, na uso wake ukabadilika.

"Hii imekuwa hivi tangu lini?"

"Wiki sita."

"Wiki sita! Na mbona hukuja, mama?"

"Nilikuja," Nyanya Batulo akasema. "Mara tano. Leo ni ya sita."

Sista alikuwa anaangalia ile leso mkononi kama imeandikwa kitu. Kisha akapiga kelele, "Odero! Fungua hiyo geti, umeshikilia chuma cha nini?" na akamshika Nyanya kwapani yeye mwenyewe akamwingiza ndani, bila kadi, bila namba.

Hapo yule kijana wa kiwandani akaanza. Na alikuwa na haki yake. "Sawa, huyo ni mgonjwa sana. Lakini hawa kumi? Wakichukua kadi kumi, sisi wengine tunaingia lini? Mimi nikikosa kazi leo nimekosa hata kesho. Ama nizeeke kwanza?"

Wagonjwa wengine wakanung'unika naye. Mzee Bwire akainua fimbo kumjibu, Mama Griffins akaishusha. Aliona kwamba amesogeza shida kutoka mtungi mmoja akaiweka kwa mwingine. Kwa bomba lake hiyo haikubaliki.

Akangoja. Sista alipotoka, akamfuata mpaka kwa veranda.

"Sista, kadi arobaini zinaisha saa ngapi kutibiwa?"

"Saa sita. Saa sita na nusu."

"Na baada ya hapo daktari anaenda wapi?"

"Anaenda wapi? Yuko hapa mpaka saa kumi na nusu. Anaandika ripoti. Wagonjwa si wameisha?"

Mama Griffins akageuka. "Odero! Mbona unafunga geti saa sita?"

"Si kadi zimeisha? Nifungulie nani, mbuzi?"

Kumbe hivyo ndivyo kliniki ilikuwa inaenda, miaka na miaka. Daktari alidhani wagonjwa wameisha, wagonjwa walidhani daktari ameisha, na katikati yao alisimama Odero akilinda chuma.

"Basi," Mama Griffins akasema, "asubuhi ni ya hawa wenye haraka. Sisi tupe saa nane mchana. Mzee wa presha haendi kazini, na haji hapa kukimbiza mtu. Watano saa nane, watano saa tisa. Tarehe ya kurudi iandikwe nyuma ya kitabu, na saa yake. Nani atakuja alfajiri akijua nafasi yake iko kwa kitabu?"

"Wazee hawawezi kukumbuka mambo ya saa," Sista akasema.

"Mimi nakumbuka saa ya kila treni iliyopita Nairobi tangu mwaka wa hamsini na mbili!" Mzee Bwire akafoka kutoka kwenye mtungi wake, karibu aanguke.

"Na ripoti?"

"Sista, ripoti inaandika kuhusu nani?"

Sista Ndeti akamwangalia sana. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka. "Mwezi mmoja," akasema. "Alhamisi peke yake. Nikiona mtungi hata mmoja kwa geti langu tena, imeisha."

Wale kumi waliambiwa warudi siku hiyo hiyo saa nane. Walifika saa saba. Wakaingia, wakapimwa, wakatoka, na saa tisa Mzee Bwire alikuwa amesimama nje ya geti, dawa mkononi, anaangalia kulia na kushoto kama mtu aliyeshushwa kituo ambacho si chake.

Nyanya Batulo alipelekwa hospitali kubwa na barua ya Sista. Kidole kidogo kilienda. Cha pili kikaokolewa, na mguu ukabaki. Daktari wa huko alisema wiki moja zaidi angekuwa anakata kwa msumeno mwingine, ule wa goti. Mama Griffins alipoelezwa hayo aliendelea kukunja sweta, lakini ile sweta aliikunja mara nne, akaifungua, akaikunja tena.

Mwezi ukaisha, Sista hakusema kitu. Wa pili ukaisha. Alhamisi ya tisa wazee walikuwa ishirini na sita, ikabidi Sista aongeze jumanne. Ile siku Mama Griffins alimwona Sista ameweka benchi chini ya veranda, akasema hilo benchi limepangwa vibaya, jua la saa nane linapiga usoni. Likageuzwa.

Miezi minne baadaye, siku ya jumatano, maji yalikuwa yamerudi na laini ya mitungi imejaa pale kwa bomba. Mzee Bwire alikuwa anamlalamikia.

"Umeniharibia maisha, Mama Griffins. Kitambo nilikuwa naenda kliniki nakutana na dunia nzima. Habari zote nilizipata kwa laini. Sasa naingia saa nane, natoka saa nane na robo. Na nani nitagombana naye? Daktari ni mpole!"

"Gombana na mimi, Mzee. Weka mtungi, ungoje zamu yako."

Akasikia watu wa nyuma wanasogea. Ni Nyanya Batulo alikuwa anakuja, ndala miguu yote miwili, fimbo mkononi, hashikwi na mtu. Hakuwa na mtungi. Alikuwa na kitabu kipya cha shule, kile cha kurasa thelathini na mbili, cha rangi ya samawati. Akamwekea Mama Griffins juu ya bomba, mahali ambapo hangeweza kusema hajakiona.

Juu kimeandikwa, kwa mwandiko wa Sista Ndeti: Muhonja. Na nyuma: Alhamisi, saa nane, namba ya kwanza.

"Hii ni nini?" Mama Griffins akauliza.

"Ni wewe," Nyanya Batulo akasema. "Wallahi, kila asubuhi kwa ukuta wetu nasikia ukisimama unashika kitanda kwanza. Hiyo si jua la Gikomba. Gikomba haiko kwa chumba chako."

Kina mama wa laini wakaacha kusogeza mitungi. Hata bomba lilionekana kama limepunguza.

"Wewe umetupeleka sisi wote," Nyanya akaendelea. "Wazee ishirini na sita. Presha yako ilipimwa lini, binti yangu? Niambie mwaka tu, siku sitaki."

Mtungi wa Mama Griffins ulikuwa umejaa, unamwagika. Akaufunga kizibo. Akakaza kile kitambaa mbele ya paji la uso, akakaza tena.

"Mama Griffins," Mzee Bwire akasema, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe kwa laini hakupiga kelele, "si mama amekuuliza?"

Mama Griffins akainama, akaubeba mtungi wake, lita ishirini. Alipoinuka alisimama kidogo, mkono kwenye bomba. Kisha akachukua kile kitabu cha samawati, akakibana kwapani, na akaenda zake kati ya nyumba, maji yakidondoka nyuma yake mpaka kwenye kona.